Kengele ya Muste

Ylikaltio, 14 Januari

Tauno,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, na mbwa wako nao wamechangia. Karatasi haikatizwi. Marjut ataitia barua hii kwenye sanduku la pikipiki yake ya theluji akuletee Ijumaa. Kama binti yako anaweza kuwazungusha wageni kutwa nzima, kutoka kwa mbwa wako hadi kwa kulungu wangu wa theluji, basi na barua azizungushe.

Leo ameniletea wageni saba. Wametokea kwako kama kawaida, na kama kawaida wananuka mbwa kuanzia kofia hadi viatu. Wamekumbatia mbwa, wamelambwa na mbwa, na yule mwalimu kutoka Uholanzi alikuwa na manyoya ya mbwa mpaka kwenye kope. Nikamfunga yule kulungu wangu mweusi, Muste, mbele ya sleji ya kwanza, nikamketisha mwalimu na mkewe, nikawafunika ngozi. Kabla sijashika kamba vizuri, Muste akachomoka. Muste, Tauno, ambaye hata ukipiga bunduki karibu naye hageuki! Alikimbia nao mpaka ukingoni mwa ziwa, na sleji ikapinduka kwenye theluji laini, mbao za kutelezea zikatazama juu. Hakuna aliyeumia. Mke alilia, mume alicheka, na sijui kipi kilinikera zaidi.

Kulungu na mbwa hawapatani, hilo hata mtoto wa shule analijua. Kwa hiyo kuanzia sasa wageni waje kwangu asubuhi wakiwa safi, halafu waende kwako wakanuke wanavyotaka.

Na unirudishie kengele ya baba. Niliiomba mwaka jana, niliiomba Krismasi, naiomba leo.

Dada yako,
Hilkka


Rantapalo, 17 Januari

Dada Hilkka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa sababu haisomeki. Mstari wa tatu umepanda juu ya wa pili, na wa nne umetoka nje ya karatasi kabisa. Uliandikia wapi, juu ya pikipiki?

Sasa nisikilize na mimi. Nina mbwa arobaini na wawili. Saa mbili asubuhi wameshaamka wanataka kukimbia, na wakiona mikanda ya kuvutia sleji wanapiga kelele utadhani wanachinjwa. Leo unataka niwafunge mpaka saa saba mchana wakati wewe unawalisha wageni maandazi ya iliki? Wataitafuna nyumba. Wakimaliza nyumba watanitafuna mimi.

Na hiyo habari ya harufu usinichekeshe. Huu ni msimu wa nne wa safari ya Marjut. Misimu mitatu amekuletea watu wanaonuka mbwa, na Muste amesimama zake kama mzee anayesubiri kahawa. Mwaka huu ndiyo amegundua kwamba ana pua?

Kengele hupati. Baba alipofariki ulibaki na nyumba, ukabaki na kulungu wake, ukabaki na alama yake ya kuchonga masikio ya kulungu. Mimi niliuza kulungu wangu nikanunua mbwa, nikawa kichekesho cha ukoo, sawa, nimekubali. Nilichonacho cha baba ni kengele moja ya shaba yenye ufa. Nimeitundika langoni, naigonga saa ya chakula, na mbwa wote wanakaa chini kwa adabu. Ndicho kitu pekee cha ukoo wetu kilichowahi kuniletea utii.

Ukitaka kengele nenda dukani. Zipo tele.

Mdogo wako,
Tauno


Ylikaltio, 21 Januari

Tauno,

Mwandiko wangu uache. Ilikuwa digrii thelathini na moja chini ya sifuri na wino uliganda.

Usinifundishe habari za kulungu. Ulipouza wako, nani alisimama mbele ya ushirika mzima wa wafugaji akakutetea? Mimi. Na kila vuli, kabla ya theluji nzito, tunapowakusanya, wakimiminika zizini mia mbili kwa mkupuo mmoja, nani anayesimama katikati na wanaume wazima wamenyamaza wanamsubiri aseme? Nasema: huyo wa jirani yangu Reijo, huyo wangu, huyo wa mjane wa mtoni. Nasoma alama iliyochongwa kwa kisu kwenye sikio la mnyama anayekimbia, nikiwa ng'ambo ya zizi. Wewe hata angelala mapajani mwako ungeomba miwani. Mtu wa kazi hiyo akikwambia ni harufu, ni harufu.

Kengele za dukani ninazo. Zinalia zote sauti moja, kama vijiko kwenye kikombe. Ya baba siitaki kwa urithi, wala siitaki kwa ugomvi. Naitaka nimvishe Muste. Usiniulize zaidi.

Wageni wasipoanzia kwangu, nafunga lango. Nimemaliza.

Hilkka


Kijijini, 24 Januari

Kwa Baba na kwa Shangazi (nakala mbili, msije mkanyang'anyana)

Shikamooni.

Mimi si posta. Nina pikipiki nane za theluji, mbili zinakataa kuwaka asubuhi, nina wageni wasiojua kufunga zipu, na katikati ya hayo nabeba bahasha za watu wazima wawili waliotenganishwa na kilomita kumi na nane. Shangazi, bahasha zako unazipiga gundi mpaka pembeni kana kwamba mimi ni mwizi. Baba, wewe unasoma barua huku unanung'unika kwa sauti, kwa hiyo gundi haisaidii.

Ofisi ya safari ya mjini imeniandikia. Yule mwalimu wa Uholanzi amelalamika. Wamesema kulungu akikimbia na mgeni mara moja tena, safari yangu wanaiondoa kwenye orodha yao. Bila wao sina wageni. Mnajua vilevile kwamba kuna mtu huko mjini Oulu ananisubiri nimjibu kuhusu kazi ya ghalani kabla ya Machi mosi. Sitaki kwenda Oulu. Sijawahi kutaka. Lakini siwezi kukaa hapa kulinda pikipiki zisizo na watu.

Shangazi, ulisema mwenyewe jikoni kwako: wageni wakikatika unauza kulungu na kuhamia kile chumba cha wazee karibu na kanisa. Ulisema hivyo huku unakata jibini ya kutia kwenye kahawa. Usijifanye nilisikia vibaya.

Basi mmoja wenu ashuke. Sijali ni nani. Nimechoka.

Marjut


Rantapalo, 28 Januari

Dada Hilkka,

Umeshinda. Nimelala siku nne na barua ya Marjut chini ya mto, na kila nikigeuka inalia.

Kuanzia Ijumaa wageni wanaanzia kwako. Nimewakodia nguo za baridi mpya kabisa ambazo hazijawahi kuona mbwa. Marjut ataoga mvuke wa sauna Alhamisi jioni na kulala kwa rafiki yake kijijini ili asipite kwangu asubuhi. Mimi nitakaa na mbwa arobaini na wawili wanaolia mpaka saa saba. Majirani wameshauliza kama kuna msiba.

Baada ya hapo sitaki kusikia neno harufu mpaka nife. Na hata nikifa, mchungaji asilitaje.

Kengele inabaki langoni.

Tauno


Ylikaltio, 31 Januari

Tauno,

Kabla Marjut hajakupa habari zake, nikueleze mimi. Kulungu alikimbia tena. Sleji ilikuwa tupu, kwa hiyo ofisi ya mjini haina la kusema, na wala wewe usiwe na la kusema. Kulikuwa na mama mmoja amevaa koti jekundu linalong'aa kama tufaha, na amejipaka manukato ya kuua nzi. Mnyama gani angevumilia? Nguo ulizokodi nazo zinanuka duka.

Muste ataendelea vizuri. Wageni wamekula supu ya samaki, wamefurahi.

Uniletee kengele, Tauno. Sasa naomba kwa adabu.

Hilkka


Rantapalo, 2 Februari

Hilkka,

Nimekaa mezani tangu asubuhi, nimechana karatasi tatu. Hii sichani.

Jana saa tano Reijo aliingia uani kwangu na pikipiki yake. Nyuma amekokota sleji. Sleji yako, yenye ule ubao wa kushoto alioupaka rangi mume wako. Juu yake kulikuwa na mikanda yako yote, imekunjwa vizuri. Hakuzima hata mashine. Nikamwambia, "Wee Reijo, umepotea njia? Dada yangu anakaa upande wa pili wa ziwa." Akatazama viatu vyake. Akasema, "Sijapotea, Tauno. Nimeona aibu kwenda kwake."

Ikabidi nimvute ndani kwa kahawa. Akaeleza akiwa kwenye kikombe cha pili. Ijumaa mchana yule kulungu dume wake mweusi, anayemfundisha kuvuta mwaka huu, alirudi nyumbani mbio akiwa na mikanda yako mwilini na sleji yako nyuma. Masikio ya Reijo, Hilkka. Alama ya Reijo pande zote mbili. Theluji imejaa mpaka juu ya uzio wako, huwa huyo dume anavuka anakuja kula nyasi zako. Reijo anadhani hata mara ya kwanza alikuwa yeye yeye.

Nikamuuliza Marjut. Akasema Muste alikuwa amelala nyuma ya ghala siku nzima, anatafuna. Halafu akaniambia ambalo wewe hukuliandika. Ile sleji "tupu" ilikuwa na mtoto wa miaka mitano. Baba yake alikuwa amemnyanyua dakika ile ile amfunge kiatu.

Kiatu, Hilkka. Kamba ya kiatu.

Wewe unayesoma masikio ng'ambo ya zizi umemfunga kulungu wa mtu mwingine, mara mbili, kwa mikono yako mwenyewe, mchana. Wiki tatu umeniandama na harufu ya mbwa. Nimewafunga wanyama wangu mpaka wamepoteza sauti kwa ajili ya harufu ambayo haipo. Sasa nimezitandaza barua zako zote mezani, natazama mistari inavyopandana, na najiona mpumbavu kwa kukutania.

Reijo amesema hatamwambia mtu. Ila alisema pia kwamba vuli iliyopita zizini ulikuwa unasubiri yeye ataje kwanza, halafu unarudia.

Marjut amesimamisha sleji zako wiki hii. Wageni watawalisha kulungu tu. Niambie ukweli. Unaona nini?

Tauno


Ylikaltio, 4 Februari

Mdogo wangu,

Marjut anasubiri mlangoni na helmeti kichwani, kwa hiyo naandika upesi kabla sijajirudi.

Tangu Mei katikati ya kila kitu pana doa. Kama mtu ameweka kidole kichafu kwenye kioo, na kila ninapotazama kidole kinatangulia. Pembeni naona. Naona njia, naona ziwa, naona kwamba kuna mtu amesimama. Uso wake sioni. Sikio la kulungu ndilo lililotoweka kwanza. Nikilitazama, linaingia kwenye doa.

Muste nilikuwa namjua kwa kengele. Nilimvisha ya dukani. Kumbe na Reijo alinunua duka lile lile, na yule dume wake naye anavaa. Nikisikia kengele ikija kwenye nyasi naona kivuli cheusi, nasema huyu hapa Muste. Ndiyo maana nilitaka ya baba. Ile yenye ufa hailii kama nyingine duniani, ningeijua hata usingizini. Ulipokataa nilikuchukia, Tauno, nakuambia wazi.

Utauliza kwa nini sikugusa sikio. Mchongo ungeniambia, vidole vyangu havijazeeka. Lakini wewe umekulia humu. Unajua mfugaji akionekana anapapasa sikio ili amjue mnyama wake, jioni hiyo hiyo ushirika mzima umeshajua kwamba macho yake yamekwisha. Wangenihurumia. Wangeninyang'anya zizi kwa upole, kisha pikipiki, kisha nyumba, na mimi nikae kwenye kile chumba karibu na kanisa nikisikiliza redio ya watu wengine. Niliogopa. Nikasingizia mbwa wako kwa sababu walikuwa karibu.

Lakini yule mtoto. Alikuwa na glavu za kijani, nilizifunga mimi. Tangu Ijumaa sijalala. Uza kulungu, mpe Reijo, fanya utakavyo. Ila usimwambie Marjut kwa nini. Mwambie nimechoka.

Hilkka


Rantapalo, 7 Februari

DADA HILKKA,

NIMEANDIKA KWA KALAMU NENE YA KUWEKEA ALAMA MAGUNIA, NA HERUFI NI KUBWA KAMA NGUMI. SHIKA KARATASI PEMBENI PEMBENI UISOME KWA JICHO LA PEMBENI. USISEME HUKUIONA.

HAKUNA ANAYEUZA KULUNGU. ACHA UJINGA.

MARJUT NIMEMWAMBIA YOTE. PIGA KELELE UKIPENDA. ALISEMA, "BABA, MIMI NAJUA TANGU KRISMASI, ALIMWAGA KAHAWA NJE YA KIKOMBE CHANGU MARA TATU NIKAINYWA KWENYE SAHANI." ALIKUWA ANASUBIRI USEME MWENYEWE. HUU UKOO UNANICHOSHA.

JUMATANO NAKUPELEKA KWA DAKTARI WA MACHO. NITAOGA.

REIJO ATAINUA UZIO. NA SIKIO UTALIGUSA, MBELE YA WATU WOTE, KILA SIKU, KABLA YA KUFUNGA MKANDA. USHIRIKA UKICHEKA WATACHEKA NA MIMI PIA, NIMEZOEA. MGENI HAKAI KWENYE SLEJI MPAKA UMEGUSA NA MARJUT AMETAZAMA. WOTE WAWILI. HILO SIJADILI.

KENGELE IKO NDANI YA SANDUKU. NIMEICHEMSHA MARA MBILI NA KUITUNDIKA SAUNA. MBWA WAMEKAA CHINI WANATAZAMA LANGO LISILO NA KITU, WAMEGOMA KULA. NAWAGONGEA SUFURIA. WANANITAZAMA KAMA NIMEWATUKANA.

NILIDHANI UNATAKA KUNINYANG'ANYA BABA. UNGESEMA TU.

TAUNO


Ylikaltio, 14 Februari

Tauno,

Kalamu yako nene imepenya karatasi mpaka kwenye kitambaa changu cha meza. Nimeisoma. Na Marjut naye ameisoma, kutoka mlangoni, bila kualikwa.

Daktari unamjua, ulikuwepo, ulimkatiza kuliko unavyonikatiza mimi. Doa halitaondoka, ila kwa sindano huenda lisikue haraka. Pembeni patabaki. Nitaishi pembeni basi, nimeishi na wewe miaka sitini, nimeshazoea mambo ya upande upande.

Leo tumerudisha sleji. Wageni sita. Nilimwita Muste, nikavua glavu, nikashika sikio la kushoto kisha la kulia mbele ya kila mtu, na Marjut akasimama karibu kama polisi. Reijo alikuwepo, alisingizia kwamba amekuja kuangalia uzio. Hakucheka. Unajua walichofanya wageni? Walidhani ni mila. Walitoa simu wakapiga picha, na bibi mmoja akaniomba na yeye ashike. Nikampa ashike. Nikamwonyesha mchongo wa baba, na mkato mdogo nilioongeza mimi nilipoolewa. Marjut aliniambia baadaye kwamba kwa miaka minne wageni hawajawahi kunyamaza namna ile.

Amempigia mtu wa Oulu, mbele yangu, na mdomo umejaa andazi. "Samahani, nimepata kazi hapa. Najifunza masikio." Vuli atasimama nami zizini. Yeye atatazama, mimi nitasema. Alama ya baba nitaiandikisha kwa jina lake, na wewe usinililie kwenye karatasi, wino utachuruzika.

Kwa upande wa mbwa, rudisha utaratibu wa zamani. Wageni waanzie kwako asubuhi kabla majirani hawajaleta mchungaji.

Kuna jambo moja zaidi, na nitaliandika mara moja tu. Hukuichemsha vizuri hiyo kengele. Inanuka mbwa mpaka ndani ya ufa, hata mimi naisikia. Nilimsogezea Muste puani. Akainusa polepole, pande zote. Halafu akainamisha shingo nimvishe.

Dada yako,
Hilkka